Saa Sitini za Taa

Kampuni ya katani ilipofunga milango
hapakuwa na fedha ya kutulipa miezi minne.
Bwana Semhando akatupanga mstari kwenye korido,
akaigawa ofisi vipande vipande kama nyama ya akika:
mlinzi feni, Chausiku wa mapokezi kiti cha kuzunguka,
na mimi, mtunza hesabu, projekta,
na waya wake, na kijiti chenye kitone chekundu.
Nikatia sahihi: Nimepokea, ikiwa nzima.
Nikaifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli
nikaikokota hadi Makorora, kwa miguu, isitikisike.

Miaka tisa niliijua
kama mshtakiwa anavyomjua hakimu.
Ndiyo iliyotuonyesha lile duara lililokatwa kama chapati,
kipande chekundu kikipungua kila robo mwaka,
na hicho chekundu, tulikuja kuelewa baadaye,
kilikuwa sisi.

Usiku wa kwanza nikatundika shuka la mama mkwe,
Bi Mgeni, lile lenye tarizi pembeni.
Projekta juu ya kinu kilichopinduliwa.
Picha ikatoka pana juu, nyembamba chini,
watu wote mabega, hawana miguu.
Nikasukumia kandambili chini yake. Wakasimama.

Lakini weusi wake si weusi.
Imezaliwa kwa vyumba vyenye mapazia mepesi
na watu wanaoandika; giza hailijui.
Usiku wa filamu ukawa majivu,
jambazi akaonekana kabla hajajificha,
na Rajabu akamwambia, "Toka tu, baba, tumekuona."
Sauti nayo haina. Ofisini sauti ilikuwa ya Bwana Semhando.
Tukaazima redio ya jirani.

Kisha, pembeni, juu ya paji la uso la bibi harusi,
maandishi madogo ya njano:
TAA: ZIMEBAKI SAA 60.

Fundi Mwinjaka, Barabara ya Nane, akatikisa kichwa.
Taa mpya inaagizwa Dar, bei ya mbuzi watatu.
Basi nikafungua daftari, ndiyo kazi niijuayo.
Saa elfu tatu, umri wa taa.
Elfu mbili mia tisa na arobaini zimekwenda
kwa malengo, changamoto, mikakati, tuonane Jumatatu.
Salio: sitini.
Filamu thelathini, tusipotazama majina ya mwisho.

Mume wangu anataka mpira, na mpira una dakika za nyongeza.
Bi Mgeni anataka ya Kihindi: saa tatu,
na nusu saa ya kupangusa macho, taa ikiwaka.
"Bajeti hairuhusu," nikasema,
nikajisikia: koo langu, sauti ya Semhando.

Tulikuwa tumebakiwa na ishirini
usiku ule filamu ilipokatika katikati.
Shuka likawa buluu tupu. HAKUNA ISHARA.
Nikainuka haraka kuzima.
Mwanatumu alikwisha kupenyeza mkono kwenye mwanga:
mbwa, mdomo wazi.
Bi Mgeni, bila neno, akavua bangili,
akatoa ngamia, shingo ndefu, mwenye maringo.
Halafu mume wangu, ambaye tangu kufungwa kwa kampuni
alikuwa akiongea na sahani yake tu,
akainua mkono wa kulia, ule ulioacha kidole
kwenye mashine ya singa.
Sungura. Sikio moja refu, jingine kisiki.
"Huyu anasikia upande mmoja," akasema Rajabu,
na baba mtu akacheka hadi sungura akaanguka
akafa na kufufuka mara nne.

Feni ya projekta ikivuma kama mtu anayepuliza chai.
Sikuzima.

Walipolala nikafungua daftari.
Saa moja na dakika kumi. Hakuna ishara.
Kalamu ikakaa hewani juu ya Matumizi,
ikahama, ikaandika upande wa Mapato.
Mkaguzi yeyote angenifukuza.

Salio: kumi na nane na dakika hamsini.
Kesho zamu ya mpira.